"Kura ya wanawake" ya Marekani: ni wanawake gani hao?

Kila Marekani inapomkataa mwanamke kwenye urais, msemo mmoja hufufuka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: adui wa mwanamke ni mwanamke. Ulisikika 2016, Hillary Clinton aliposhindwa na Donald Trump. Ukarudi Novemba 2024, zamu ya Kamala Harris. Wanawake wa nchi ile ni wengi kuliko wanaume, na tangu 1980 wamejitokeza kupiga kura za urais kwa kiwango cha juu kuliko wanaume kila mara. Basi mwanamke akishindwa, si wenzake ndio waliomwangusha?

Hesabu hiyo imeegemea dhana inayoitwa "kura ya wanawake": kwamba wanawake ni kundi moja la wapiga kura, lenye haja moja, linaloweza kuhamia upande mmoja likiguswa panapouma. Waandishi wa habari wanaipenda na wapanga kampeni wanaitegemea. Wanafeministi, hasa weusi, wameitilia shaka kwa zaidi ya karne moja.

Si kwamba dhana hiyo ni uzushi mtupu. Ronald Reagan wa chama cha Republican alipomshinda Jimmy Carter wa Democratic mwaka 1980, ilionekana kwamba wanaume walimpa kura kwa takriban asilimia 8 zaidi ya wanawake. Tofauti hiyo ikapewa jina, pengo la jinsia, na vyama vya kutetea haki za wanawake vikaidaka kama turufu: wanasiasa mkitupuuza, tutawaonyesha kwenye sanduku. Pengo halijazibika hadi leo. Katika kila uchaguzi wa rais tangu hapo, chama cha Democratic kimepata sehemu kubwa zaidi ya kura za wanawake kuliko za wanaume.

Ila hapo ndipo wengi wanapoteleza. Pengo la jinsia linapima umbali wa wanawake na wanaume. Umbali wa mwanamke na mwanamke halina habari nao.

Mwaka 2024, katika mahojiano ya wapiga kura waliokuwa wakitoka vituoni, takriban wanawake weusi 9 kati ya 10 walisema wamemchagua Harris. Kwa wanawake weupe, zaidi kidogo ya nusu walikwenda na Trump. Wenye asili ya Kilatino walikaa katikati, wengi wao upande wa Harris. Ukizijumlisha unapata wastani usiomweleza yeyote, kama mwenye mgahawa anayechanganya chai ya moto na maji ya barafu, kisha akatangaza kwamba wateja wake wote wanapenda vuguvugu.

Tahadhari ndogo kuhusu takwimu hizi: mahojiano ya mlangoni si msahafu. Mwaka 2016 yalionyesha wanawake weupe wamempa Trump asilimia 52. Baadaye kituo cha utafiti cha Pew kililinganisha majibu ya watu na kumbukumbu za waliopiga kura kweli, kikapata 47 kwa Trump na 45 kwa Clinton. Tofauti hiyo ni ya kutosha kumtuliza mtu aliyekuwa akiwalaani wanawake weupe wote kwa jumla. Lakini kwa hesabu yoyote ile, wanawake weusi hawakuwa karibu na hapo. Zaidi ya 9 kati ya 10 walimchagua Clinton.

Na mfano mkali zaidi hauhusu hata mgombea mwanamke. Desemba 2017, jimbo la Alabama lilikuwa likijaza kiti cha Seneti. Roy Moore wa Republican alikuwa ametuhumiwa na wanawake kadhaa kwamba aliwaandama kimapenzi walipokuwa wasichana wadogo, tuhuma alizozikana. Kama jinsia peke yake ingekuwa ndiyo inayoongoza mkono kwenye karatasi ya kura, wanawake wangemkimbia kwa pamoja. Mahojiano ya mlangoni yalionyesha asilimia 98 ya wanawake weusi walimchagua mpinzani wake, Doug Jones. Wanawake weupe 63 kati ya 100 walibaki na Moore.

Kuelewa hayo inabidi turudi nyuma, hadi Mei 1869, New York, kwenye mkutano wa watu waliokuwa wakipigania kura kwa wote. Mbele yao kulikuwa na Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake na yakanyamaza kuhusu jinsia. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, viongozi weupe wa harakati za kudai kura ya wanawake, waliyapinga, na Stanton hakuona haya kuwadharau hadharani wanaume weusi waliotoka utumwani, kwamba eti wapige kura kabla ya mwanamke msomi kama yeye. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa na aliyekuwa bega kwa bega na wanawake tangu mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls wa 1848, alijibu kwamba kwa mtu mweusi kura ni suala la uhai. Siku wanawake watakaposakwa na kutundikwa kwenye nguzo za taa kwa sababu tu ni wanawake, alisema, haja yao itakuwa ya dharura kama yetu.

Sauti ikatoka ukumbini: je, hayo yote hayampati mwanamke mweusi pia?

Ndiyo, ndiyo, ndiyo, akasema Douglass, yanampata, lakini si kwa kuwa ni mwanamke; ni kwa kuwa ni mweusi.

Mwenye sauti ile hakuandikwa jina. Nampenda kuliko wote waliosimama jukwaani siku hiyo, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Frances Harper, mshairi mweusi aliyekuwapo mkutanoni, alisema wanawake weupe wanashika jinsia na kuiacha rangi ishike nafasi ya chini. Yeye akilazimishwa kuchagua, ataiacha jinsia. Ndivyo ilivyokuwa: chagua nusu moja ya mwili wako.

Kulazimishwa kuchagua huko kuliendelea. Machi 3, 1913, wanawake waliandamana Washington kudai kura. Ida B. Wells, mwandishi wa habari kutoka Chicago, aliambiwa akaandamane nyuma pamoja na weusi wenzake, wanawake wa Kusini wasije wakaudhika. Akapotea kwenye umati wa watazamaji. Msafara wa Illinois ulipopita alipo, akachomoka na kuingia katikati ya wenzake wawili weupe, akaendelea na safari.

Marekebisho ya 19, yaliyoondoa kizuizi cha jinsia, yaliidhinishwa Agosti 1920. Vitabu husema huo ndio mwaka "wanawake wa Marekani walipopata kura". Wahindi Wekundu wengi, wake kwa waume, hawakuwa hata raia hadi 1924. Wahamiaji kutoka China walizuiwa kuomba uraia hadi 1943. Na Kusini, mwanamke mweusi aliyefika kujiandikisha alikutana na kuta zilezile alizokutana nazo mumewe: mtihani wa kusoma, kodi ya kichwa, vitisho. (Kodi ya kichwa hiyo si ile waliyotozwa babu zetu na wakoloni, ingawa Waingereza waliiita yetu kwa jina hilohilo. Ya Marekani uliilipa ili upige kura.)

Fannie Lou Hamer alikuwa na miaka 44, kibarua wa shamba la pamba Mississippi, alipopanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Ilikuwa Agosti 31, 1962. Karani alimpa kifungu cha Katiba ya jimbo akinakili na kukifafanua, akaambiwa amefeli. Wakirudi, polisi walilisimamisha basi na dereva akatozwa faini, kosa likiwa kwamba basi lina rangi isiyotakiwa. Jioni mwenye shamba, aliyemfanyia kazi miaka 18, akamtaka afute ombi lake au aondoke. Hamer akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana huyo. Alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Usiku huohuo akahama. Mwaka mmoja kabla, daktari alikuwa amemtoa kizazi bila ridhaa yake, jambo lililowapata wanawake weusi maskini wengi wa huko. Sasa mwulize Hamer kipi kilimpata kama mweusi na kipi kama mwanamke.

Jina la tatizo hilo lilipatikana 1989, kwa mwanasheria Kimberlé Crenshaw. Alichambua kesi ya wanawake weusi watano waliokishtaki kiwanda cha General Motors cha St. Louis katika miaka ya 1970. Kwa maelezo yake, kabla ya 1964 kampuni haikuwa ikiajiri wanawake weusi. Kazi zilipopungua, ikapunguza kwa kufuata nani aliingia mwisho, na waliokuwa wameingia mwisho ni wao. Mahakama ikasema: ubaguzi wa kijinsia haupo, maana kampuni imeajiri wanawake (weupe, maofisini). Kuhusu rangi, wajiunge na kesi nyingine ya wafanyakazi weusi. Kuziunganisha mbili kuwa dai moja, hapana.

Crenshaw akatoa mfano wa makutano ya barabara. Magari yanatoka pande zote. Aliyesimama katikati akigongwa, huenda ni gari moja, huenda ni yote. Dhana yake ndiyo hiyo, makutano, na inajibu swali la ukumbini la 1869, miaka 120 baadaye: mwanamke mweusi hagongwi kwa zamu.

Watu hudhani makutano ni jina lingine la mwanamke mweusi, au mashindano ya nani kateseka zaidi. Sivyo. Mwanamke mweupe naye amesimama pale pale barabarani. Kwa jinsia yuko chini ya mwanamume. Kwa rangi yuko juu ya wengine, na mara nyingi kipato chake, mumewe, kanisa lake na mtaa wake viko upande huo wa juu. Akiingia kwenye kituturi haingii na jinsia tu. Ndiyo maana tangu 1952 wengi wa wanawake weupe wamekipendelea chama cha Republican katika karibu kila uchaguzi wa rais, 1964 na 1996 vikiwa miongoni mwa vighairi. Nao pia si kitu kimoja: wenye shahada wamekuwa wakisogea kwa Democratic, wasio nayo wamebaki imara kwa Republican.

Wapo wanaosema maelezo yote haya ni ya kuzunguka, kwamba mtu hupigia chama chake basi. Ni kweli, lakini swali linabaki palepale. Weupe wa Kusini walianza kuhama Democratic kwa wingi baada ya sheria za haki za kiraia za 1964 na 1965. Chama chenyewe kinaijua rangi.

Aliyeishi dhana hii kabla haijapewa jina ni Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye Bunge la Marekani, 1968. Januari 1972, katika kanisa moja la Brooklyn, alitangaza kugombea urais. Alisema yeye si mgombea wa watu weusi, ingawa ni mweusi na anajivunia. Si mgombea wa harakati za wanawake, ingawa ni mwanamke na anajivunia vilevile. Wanasiasa wengi weusi, wanaume, hawakumuunga mkono. Viongozi kadhaa wa harakati za wanawake walimsifu, kisha wakatafuta mtu wanayedhani atashinda. Kwenye mkutano mkuu wa Democratic huko Miami Beach, kati ya wajumbe zaidi ya 3,000, alipata kura 152.