Maji yakiingia maabara, vimelea huenda wapi? Maswali na majibu

Masika yakichachamaa, au ardhi ikitikisika, swali hili hurudi: ile maabara inayopima kifua kikuu na kipindupindu imejaa maji, au kuta zimepasuka. Je, ugonjwa haujamwagika mtaani? Swali ni la haki, na si majibu yote yanayofurahisha.

Kwani ndani ya maabara ya hospitali yetu kuna nini hasa?

Zaidi ni sampuli: damu, makohozi, mkojo, kinyesi. Kila moja imo ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko, na nyingi huteketezwa baada ya siku chache. Hatari hupanda pale vimelea vinapooteshwa, maana bakteria waliokuwa wachache kwenye makohozi huwa mamilioni ndani ya chupa moja. Ndiyo sababu kazi za maabara hupangwa kwa ngazi nne za usalama. Vipimo vingi vya hospitali za wilaya ni vya ngazi ya pili. Kuotesha kifua kikuu sugu ni ngazi ya tatu. Kukuza virusi vya Ebola au Marburg ni ngazi ya nne, na maabara za namna hiyo barani Afrika ni za kuhesabu. Mojawapo iko Johannesburg, nyingine Franceville nchini Gabon.

Mbona basi Marburg ilipimwa Kagera kwenyewe?

Kwa sababu kupima si kukuza. Januari 2025, ugonjwa ulipozuka Biharamulo, sampuli zilipimwa kwenye maabara inayohamishika iliyokuwa mkoani humo, kisha majibu yakathibitishwa Dar es Salaam. Kwa kawaida, katika kazi kama hiyo, chupa ya damu hufunguliwa ndani ya boksi lililozibwa, lenye glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye ukuta wake. Mtaalamu anaingiza mikono tu, yeye yuko nje. Sampuli humwagiwa kemikali inayovunja ganda la kirusi. Kuanzia hapo kirusi kimekufa, na kinachoingia kwenye mashine ni vinasaba vyake.

Mkoa huo huo ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016. Watu wasiopungua 17 walifariki na nyumba nyingi za Bukoba zikapasuka. Kwa hiyo mtu wa Kagera akiuliza itakuwaje tetemeko na Marburg vikikutana siku moja, haoti ndoto za mchana. Dakika za kuogopwa ni zile chache kabla ya kemikali kuingia. Chupa ikidondoka baada ya hapo, umepoteza kipimo, basi.

Umeme ukikatika, vimelea havitoki?

Kazi ya hatari hufanywa ndani ya kabati la usalama, lenye feni inayovuta hewa kuelekea ndani na kichujio kinachonasa vimelea. Katika baadhi ya maabara utaona kipande cha karatasi laini kimebandikwa ukingoni mwa kabati. Feni ikifanya kazi, karatasi inalalia ndani. Umeme ukikatika, inaning'inia wima. Hiyo ndiyo ishara: funga kila chupa iliyo wazi, shusha kioo, toka, funga mlango, usirudi mpaka hewa itulie. Kukatika kwa umeme hakupulizi vimelea nje. Kunaondoa tu ule mvuto uliokuwa unavizuia.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri nayo isifunguliwe "kuangalia kama bado ina baridi". Ikiwa imejaa na imefungwa, hukaa na ubaridi kwa saa nyingi. Kila anayechungulia anapunguza saa hizo.

Imewahi kutokea kweli, ugonjwa ukatoka maabara kwa sababu ya mvua?

Tukio lililo karibu kabisa ni la Uingereza, na halikuhusu binadamu. Tarehe 3 Agosti 2007 ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa kwa ng'ombe wa shamba moja huko Surrey. Kirusi kilipochunguzwa, kikaonekana ni cha aina iliyopatikana kwenye mlipuko wa mwaka 1967, aina ambayo wakati huo ilikuwa inaishi maabara tu. Kilomita chache kutoka shambani palikuwa na eneo la Pirbright, lenye taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo na kiwanda cha chanjo cha kampuni ya Merial.

Wachunguzi hawakukuta mlango uliovunjwa wala friza iliyopinduka. Walikuta bomba la maji machafu. Maji kutoka kwenye kazi za kirusi yaliuawa vimelea kwa hatua ya kwanza, kisha yakapitishwa chini ya ardhi kwenda kwenye mtambo wa kuyamalizia. Bomba lilikuwa la zamani, limepasuka, mizizi ya miti imepenya, na chemba zake hazikuzibwa sawasawa. Julai ile mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi. Maelezo waliyoyaona yana uzito zaidi ni kwamba maji yalipanda, udongo ukachafuka, na magari ya ujenzi yaliyokuwa yakiingia na kutoka yakabeba tope hadi barabara inayopita karibu na shamba la kwanza. Mashamba manane yaliambukizwa.

Linalouma ni kwamba bomba lilijulikana kuwa bovu. Wahusika wa eneo hilo walikuwa bado wanavutana nani alipe matengenezo. Nadhani msomaji wa hapa kwetu hahitaji kutafsiriwa hiyo.

Kuna waliojiandaa vizuri?

Galveston, Texas, ni kisiwa kilichosombwa na kimbunga mwaka 1900, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Na hapo hapo pakajengwa maabara ya ngazi ya nne. Wengi waliona ni wazimu. Kimbunga Ike kilipokaribia Septemba 2008, watafiti walisimamisha majaribio mapema, wakafungia virusi kwenye friza na kusafisha vyumba kwa dawa kabla ya upepo kufika. Sehemu kubwa ya mji ilifurika, virusi havikutoka. Miaka minne baadaye kimbunga Sandy kiliingiza maji ya bahari kwenye vyumba vya chini vya hospitali ya chuo kikuu cha New York, na maelfu ya panya wa utafiti wakazama. Tofauti kubwa kati ya hao wawili ni ghorofa: nani aliweka nini chini, na nani aliweka juu.

Kipindupindu kinachofuata mafuriko, si hutoka huko maabara?

Hapana. Hutoka vyooni. Shimo moja la choo lililofurika lina kinyesi kingi kuliko sampuli zote za wilaya kwa mwaka. Haiti ilipigwa na tetemeko Januari 2010, na Oktoba kipindupindu kikalipuka. Chanzo kilikuwa maji taka ya kambi ya walinda amani yaliyoingia mtoni, si maabara.

Hasara ya maabara kuzama ni nyingine: hakuna wa kuthibitisha kwamba huu ni kipindupindu, hakuna wa kusema dawa gani bado inakiweza, na mama anayetoka damu leba hapati wa kumpimia kundi la damu. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo la kukosesha usingizi.

Jengo limepasuka. Nani aingie kwanza?

Si fundi, si mlinzi, na si mwenye simu ya kupiga picha. Kinachoua haraka humo ni moto, mitungi ya gesi, asidi na dari inayoning'inia. Vimelea vinafuata baadaye. Mtu wa maabara aingie akiwa na buti, glavu nzito, barakoa na miwani. Panapomwagika sampuli, funika kwa kitambaa, mimina klorini ya asilimia 0.5, subiri angalau dakika 10, kisha okota vioo kwa koleo. Kwa jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji. Usiichanganye na asidi wala dawa nyingine ya usafi. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Maji yamepungua, watoto wameokota chupa na sindano. Tufanyeje?

Wasiziguse tena, wanawe kwa sabuni. Weka alama mahali pale, hata kijiti chenye kitambaa, na umwambie mtendaji au kituo cha afya waje na sefti boksi, lile sanduku gumu la kutupia sindano. Msichome wenyewe nyuma ya nyumba.

Aliyechomwa na sindano aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asinyonye, asipake jiki. Aende kituoni siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa mapema, na baada ya saa 72 hazianzishwi. Aulizie pia chanjo ya homa ya ini B.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya ya kituo. Niulize nini?

Anza nje ya jengo. Maji ya sinki la maabara yanakwenda wapi, na chemba ina mfuniko? Shimo la kondo na kichomea taka viko bondeni au mwinuko? Jenereta imekaa chini usawa wa maji ya mwaka ule mbaya kuliko yote mnaoukumbuka? Ndani, uliza kama friza na mitungi ya gesi imefungwa ukutani kwa mnyororo. Halafu omba kuona orodha ya kilichomo kwenye friza. Mara nyingi ipo, imeandikwa vizuri kabisa, imebandikwa kwenye mlango wa friza hiyo hiyo. Ombeni nakala ya pili ikae ofisi ya mganga mkuu.