Bahari iko karibu, injinia wa maji ya mvua wa nini?

Wengi hapa Tanga wanaamini kwamba mji wa pwani hauhitaji wataalamu wa maji ya mvua, chimba mtaro tu maji yatajiendea baharini. Na kijana akisema anataka kusomea hiyo kazi anaambiwa huo si ufundi bomba tu?

Sasa tuangalie. Maji yanafuata mteremko, na bahari yenyewe inapanda na kushuka, kwahiyo mvua kubwa ya masika ikikutana na bamvua (zile siku bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida) wakati maji yamejaa, mdomo wa mtaro ulio chini unazibwa na bahari na maji yanarudi mtaani hata kama mtaro ni msafi kabisa. Hapo ndo injinia anapiga hesabu: mvua kiasi gani, kwa muda gani, ardhi inanyonya kiasi gani, kalvati (njia ya maji chini ya barabara) iwe na upana gani, yahifadhiwe wapi kwanza. Na huyohuyo anaweza kufanya kazi ya Mto Zigi na bwawa la Mabayani tunakotoa maji ya kunywa, ni fani pana sana jamani.

Unaweza kucheki mwenyewe. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, so bati la mita za mraba 100 likipata milimita 50 ni lita 5,000, paa moja tu hilo! Halafu siku ya bamvua nenda mtaro unapoishia baharini, maji yakijaa na yakipwa, uone tofauti.