Kupakua filamu hakumalizi bando zaidi

Hapa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Chikongola, nimeambiwa mara nyingi: "Usipakue filamu, itakumalizia bando. Itazame hivyo hivyo mtandaoni." Si kweli, na imani hii inawatia watu hasara.

Ukitazama mtandaoni, simu inapakua vilevile, ila kipande kwa kipande, kisha inavitupa vipande hivyo. Kinachoamua matumizi ni ubora wa picha. Netflix wenyewe, wanaoonyesha filamu mtandaoni kwa malipo ya mwezi, hukadiria kwamba saa 1 ya ubora wa kawaida huweza kufika GB 1, na ya HD (ubora wa juu) GB 3. Kwa ubora uleule, matumizi yanakaribiana. Tofauti huja watoto wanapotaka katuni ileile kwa mara ya tano: iliyopakuliwa haigusi tena bando, ya mtandaoni inaanza kukata upya. Mama mwenye bando la wiki anajua uzito wa hilo.

Ila ulichopakua ndani ya programu kama ya Netflix si mali yako. Vingi vina muda wa mwisho, na malipo ya mwezi yakikoma havifunguki. Bando likiwa dogo, ingia kwenye mipangilio ushushe ubora kabla hujapakua.