Gauni la giza si lazima liwe la msiba

"Huyu bibi amefiwa, si unaona amevaa nyeusi?" Kila inapoletwa picha ya ukoo wa Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, kauli ni hiyo hiyo, na hakuna inayopotosha kuliko hiyo. Mtu akishaiamini anakimbilia daftari za vifo kumtafuta mume aliyefariki. Akimpata yeyote mwenye jina linalofanana, anamwandika, na mti wa ukoo unaota tawi lisilo lake.

Kwanza, huo weusi huenda haukuwapo. Sahani za kolodioni, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa picha, zilizotawala tangu miaka ya 1850 hadi karibu 1880, ziliona buluu na zambarau tu. Nyekundu, kahawia, kijani, hata manjano, zote zilitoka nyeusi au karibu na nyeusi. Gauni la damu ya mzee linaonekana kama kaniki, ilhali la buluu ya maji linatoka jeupe. Ndiyo maana mjane aliyefika hatua ya mwisho ya maombolezo, akaruhusiwa zambarau iliyopauka, picha humtoa kama bibi harusi!

Pili, hariri nyeusi ilikuwa vazi bora la wanawake wengi: haionyeshi uchafu haraka, na inafaa kanisani, ugenini na studio. Basi chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie kitambaa chenyewe. Hariri hung'aa kwenye mikunjo. Krepu, kitambaa kizito cha msiba, humeza mwanga, ina vikunyanzi vidogo vidogo, na mara nyingi imeshonwa kama mikanda mipana kuzunguka sketi. Halafu tazama kola: lesi nyeupe shingoni haikuendana na maombolezo mazito. Bruchi (pini ya pambo) ya dhahabu nayo haikuendana. Vito vya msiba vilikuwa vyeusi, hasa vya jeti, jiwe jeusi linalong'arishwa. Dalili zote tatu, kitambaa, kola na vito, zikikubaliana, sema msiba. Ikiwa ni moja tu, usiandike kitu. Na hata ukiwa msiba kweli, hujapata mwaka: Victoria alifiwa na Albert Desemba 1861, akavaa nyeusi hadi alipokufa 1901.

Mwaka unapatikana kwenye umbo la nguo. Sketi iliyotanda pande zote kama kuba ina krinolini ya chuma ndani, yaani fremu ya pete za chuma ya kuitandaza, basi ni baada ya 1856. Uvimbe ukihamia nyuma peke yake, uko mwanzoni mwa miaka ya 1870. Sketi ikibana miguu, karibu 1880. Uvimbe wa nyuma ukirudi, umechongoka kama rafu, ni katikati ya miaka ya 1880. Mikono inaanza kutuna begani karibu 1890, inakuwa puto 1895 na 1896, kisha inanywea. Angalia pia mshono wa bega: ukishuka hadi juu ya mkono, bado hujatoka miaka ya 1860.

Haya yote yapime kwa mwanamke kijana, kamwe si kwa bibi. Wengi huanza na mzee aliyekaa katikati ya picha kwa sababu ndiye wanayemtafuta. Mzee aliweza kubaki na mtindo wa miaka 20 nyuma. Kinachoamua ni kitu kipya kuliko vyote kwenye picha.

Mtoto mwenye gauni si lazima awe msichana. Wavulana walivalishwa magauni hadi umri wa miaka 4 hivi, wengine hadi 6 au 7. Tazama njia ya nywele: ikiwa ubavuni, yaelekea ni mvulana, katikati, msichana.

Kukosa gauni jeupe hakumaanishi si harusi. Victoria aliolewa na jeupe 1840, lakini wengi waliolewa na gauni la rangi ambalo wangelivaa tena.

Miguu ya chuma inayochungulia nyuma ya viatu haimaanishi aliyesimama ni maiti. Stendi ile ilituliza kichwa cha mtu hai. Haina nguvu ya kubeba mwili.

Vazi halitaji mahali. Picha maarufu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, akiwa na mavazi ya Unguja ilipigwa studio ya Hamburg, Ujerumani, baada ya yeye kuondoka nyumbani 1866.

Na kama nguo ni za miaka ya 1850 lakini kadi iliyobandikwa picha ni nene, pembe zimeviringwa na kingo zina dhahabu, umeshika nakala iliyotolewa miaka mingi baadaye. Hapo andika miaka miwili nyuma ya picha: wa nguo na wa kadi, kwa penseli laini.