Jasho la usiku wakati wa baridi: kukoma hedhi na watu wanaomzunguka mama

Juni na Julai nyanda za juu kusini hazina mchezo. Makete na Njombe kuna asubuhi umande huganda kwenye majani, na familia hulala chini ya mablanketi mawili matatu. Usiku kama huo mama wa miaka 48 anaamka shuka limelowa, anatupa blanketi, anafungua dirisha. Mume anang'aka kwa baridi. Kukicha, kila jirani ana jibu lake: malaria, presha, kuna mtu kamchezea. Wengine wananong'ona kuhusu virusi. Mara nyingi hedhi ndiyo inayoelekea kukoma, na mama mwenyewe hakuwahi kuambiwa kwamba huja hivyo.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Mayai yanapokaribia kwisha, ovari hupunguza homoni ya estrojeni, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu la joto linatosha: mishipa ya ngozi inatanuka, uso unawaka, jasho linachuruzika, halafu baridi inafuata. Hakuna damu chafu iliyobaki tumboni, kama wengi wanavyoamini, na hakuna cha kusafisha kwa mizizi.

Tunasema hedhi imekoma pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu. Kabla ya hapo siku huruka, hurudi, huwa nyingi, huwa chache, na mimba bado inaweza kuingia. Aliye chini ya miaka 50 ashauriwe kuendelea na uzazi wa mpango kwa miaka 2 tangu hedhi ya mwisho; aliyefika 50, mwaka 1. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kijiti asihesabu kwa kalenda, maana njia hizo zenyewe zinaweza kusimamisha damu. Azungumze na mtoa huduma wake.

Hilo jasho la usiku nalizungumzia kwa kirefu kwa sababu ya tunakoishi. Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwa miaka mingi katika mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na kifua kikuu hutembea pamoja nayo. Mama mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, au nguo zinazompwaya bila sababu, apimwe kifua kikuu kwanza. Homa ipimwe malaria. Hapo ndipo tuseme ni umri. Kwa upande wa pili, mama anayetumia dawa za kufubaza virusi asiache dawa akidhani ndizo zinazomwasha mwili. Wako wanawake wengi sasa walioanza dawa wakiwa vijana na wanafika umri huu wakiwa na afya njema. Nao wawaulize wahudumu kuhusu kukoma hedhi palepale kliniki ya CTC wanapochukulia dawa.

Nyumbani msaada huanza na mambo madogo. Badala ya blanketi moja zito, weka mepesi kadhaa ambayo mama anaweza kuyaondoa moja moja, na mume awe na lake. Khanga na vitenge vya pamba hunyonya jasho kuliko nguo za nailoni. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huchochea joto kwa baadhi ya wanawake. Wapenzi wa ulanzi wa Iringa mtanisamehe, lakini jaribuni wiki mbili bila huo mlinganishe. (Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hedhi imekoma au haijakoma. Gesi yake inaua.)

Mume naye ana jambo la kusikia. Estrojeni ikipungua, uke huwa mkavu na tendo la ndoa huuma. Mama anakwepa, baba anadhani kuna mwingine, ugomvi unaanza kwa kitu chenye tiba. Vilainishi vya maji vipo kwenye maduka ya dawa. Mafuta ya mgando yasitumike na kondomu za kawaida, kwa kuwa huzidhoofisha na kuzipasua. Upungufu huohuo wa estrojeni huchangia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) za mara kwa mara na mkojo kuponyoka mtu anapokohoa au kubeba mzigo. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama anayezuia mkojo, husaidia: bana, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, mara tatu kwa siku.

Kutokulala usiku kucha kwa miezi kunamfanya mtu yeyote awe na hasira na msahaulifu. Ndiyo maana napenda vikundi. VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, tayari vinakutana kila wiki, na umoja wa akina mama makanisani vivyo hivyo. Nusu saa ya kikao inatosha aliyepita njia hii kumwambia anayeingia. Zaidi ya maneno, kikundi kinaweza kupeana zamu ya palizi au kuteka maji kwa aliyechoka. Lakini huzuni isiyoisha wiki 2, au mama anayesema afadhali afe, hiyo si kazi ya kikundi peke yake. Asindikizwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mifupa haipigi kelele, ndiyo maana inasahaulika. Hupungua haraka katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, na mwanamke aliyevuka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Maziwa ya Rungwe na Njombe, usipa wa Ziwa Nyasa unaoliwa na miba yake, mboga za majani na maharage: vyote viko sokoni kwetu. Shida ni mama kujipakulia mwisho. Moyo pia hupoteza sehemu ya kinga yake, hivyo presha na sukari vipimwe hata kama hajisikii vibaya.

Akizidiwa, tiba ipo. Homoni hufanya kazi vizuri, hasa zikianzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, ila hazimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu au anayetoka damu bila sababu kujulikana. Huamuliwa na daktari, hazinunuliwi kwa kusikia.

Saratani ya mlango wa kizazi nayo isisubiri. Kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki na kutazamwa, husomeka vizuri zaidi kabla ya hedhi kukoma, maana baadaye sehemu inayotazamwa hujivuta ndani. Mwenye miaka 40 na kitu aende sasa. Na damu yoyote inayotoka baada ya ile miezi 12, hata tone, isiitwe hedhi iliyorudi. Inahitaji uchunguzi wa haraka, na hapo mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kulipa nauli ya kufika hospitali ya rufaa. Aende na daftari lenye tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na siku damu ilipoanza.