Kabla ya kumwita fundi mbao: jinsi maonyesho ya makumbusho yanavyoundwa

Maombi yanayotufikia sisi wasanifu wa maonyesho hufanana. Parokia inataka kuonyesha historia yake, shule inasherehekea jubilei, familia ya mchongaji aliyefariki inataka kazi zake zionekane. Vitu vimekwisha kukusanywa, ukumbi umekwisha kupakwa rangi, makabati ya kioo yamekwisha kuagizwa. Kilichobaki, tunaambiwa, ni mtu wa kuja kupamba. Tunawaomba ndugu zetu wa Lubumbashi wageuze utaratibu huo. Msanifu wa maonyesho aitwe kabla ya rangi, kabla ya makabati, na ikiwezekana kabla vitu havijachaguliwa, maana mambo anayoyaamua mwanzoni hayarekebishiki kwa mapambo.

Studio inayofanya kazi hii hukusanya watu wa fani mbalimbali: msanifu wa nafasi, mchoraji, mwandishi wa maelezo, fundi wa taa, fundi wa vishikilio, na mhifadhi anayejua mbao, shaba na nguo zinavyoharibika. Zipo studio kubwa, kama ile ya Ralph Appelbaum iliyoanzishwa New York mwaka 1978, iliyosanifu maonyesho ya kudumu ya makumbusho ya Holocaust (mauaji ya halaiki ya Wayahudi) mjini Washington, yaliyofunguliwa 1993. Kwetu, watu wawili watatu hugawana kazi zote hizo. Swali la kwanza halibadiliki: mgeni akitoka mlangoni, awe ameelewa nini? Mwenye maonyesho akijibu “historia yetu yote”, bado hajajibu, na hapo kikao huwa kirefu. Parokia yenye picha mia tatu haitaki kuacha hata moja. Lakini mgeni huchoka miguu kabla ya macho, na picha arobaini alizozitazama zina faida kuliko mia tatu alizozipita.

Uchovu huo ulichunguzwa zamani. Mwaka 1916 Benjamin Gilman, katibu wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, alichapisha picha za mtu aliyetakiwa kujibu maswali mepesi kuhusu vitu vilivyokuwa ndani ya makabati. Mtu yule anainama, anachuchumaa, anapinda shingo ili asome kibandiko kilichowekwa chini mno. Watu wengi wa makumbusho hufuata kanuni hii: katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni. Kipimo hiki kinamfaa mtu mzima aliyesimama. Hakimfai mtoto wa shule ya msingi, wala mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, na shule huja darasa zima kwa mara moja. Kwa hiyo kabla ya kukata ubao wowote, tunajenga kila kitu kwa kadibodi, kwa ukubwa wake halisi, kisha tunawaita watoto wapite. Kabati lililowekwa mahali pabaya hujulikana palepale, kwa sababu foleni huziba. Kadibodi husogezwa kwa mkono mmoja, kabati la kioo halisogei.

Tuchukue kitu kimoja tukitazame kwa karibu: msalaba wa shaba wa Katanga, ule wenye umbo la X. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walioanza kuchimba mwaka 1957 waliikuta misalaba ya namna hii katika makaburi ya kale. Ukiulaza mezani chini ya taa ya dari, mgeni ataona kipande cheusi cha madini na atapita. Fundi wa vishikilio huusimamisha. Hupinda kijiti chembamba cha chuma kikafuata umbo lake, chenye vidole vinne vidogo vilivyovikwa plastiki laini ili chuma kisiguse shaba. Ukitazama kutoka mbele, kishikilio hukioni. Kisha taa huwekwa ubavuni ili mwanga uparaze uso wa shaba, na hapo mikunjo na mashimo madogo ya kalibu yanajitokeza. Mgeni anasimama bila kuambiwa asimame.

Kibandiko nacho kina kazi yake. Mara nyingi tunaletewa maneno kama haya: “Msalaba. Shaba. Katanga. Kabla ya ukoloni.” Yote ni kweli, na hakuna anayepata kitu. Sisi tungeandika: “Shaba hii iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu. Kwa karne nyingi misalaba kama huu iliwekwa makaburini na kutumika kama pesa. Tazama sehemu zinazokwaruza: ndizo alama za kalibu.” Maneno ni machache, na yanalirudisha jicho kwenye kitu chenyewe. Mgeni wa Lubumbashi pia haji mikono mitupu. Misalaba mitatu ya shaba ilikuwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960, na wazee bado wanaikumbuka, kila mmoja kwa namna yake. Msanifu asiyejua hilo atashangazwa na mabishano mbele ya kabati. Anayejua ataacha nafasi ya watu kusimama na kubishana, na ataweka benchi karibu. Kuhusu lugha nina msimamo: Kiswahili kiandikwe kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule kama Kifaransa, si chini kwa herufi za sisimizi.

Mwanga ndio unaoharibu zaidi, tena polepole, bila mtu kulaumiwa. Hupimwa kwa luksi. Nguo, karatasi, raffia na manyoya havistahimili zaidi ya luksi 50; mbao na picha za rangi ya mafuta 150 hadi 200; mawe na madini vinavumilia 300 na zaidi. Madhara hujumlishwa, wala nguo haipumziki ikapona. Jua la saa sita mchana hufika karibu luksi 100,000. Kitambaa cha raffia kilichoachwa juani kwa saa moja kimepokea mwanga ambao taa ya luksi 50, ikiwaka saa nane kwa siku, ingekipa kwa siku 250. Dirisha zuri la ukumbi wenu, lile mnalojivunia, huenda ndilo la kwanza tutakaloomba lizibwe.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hakuna na hewa hukauka kabisa, kisha mvua zikirudi unyevu hupanda. Sanamu ya mbao hunywa unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa, na mwishowe hupasuka kufuata nyuzi zake. Kinachoiua ni mabadiliko ya ghafla. Kwa hiyo kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na umeme ukikatika ovyo ndivyo unavyofanya. Tunapendelea kabati lililozibwa vizuri, lenye chembechembe za silika, zinazofyonza unyevu na kuutoa, chini ya sakafu yake, ambalo halitegemei umeme. Plaiwudi mpya, gundi na rangi hutoa hewa yenye asidi inayokula madini na kuchakaza karatasi, hasa ndani ya kabati lililofungwa. Kabati likae wazi wiki kadhaa kabla ya kitu kuingizwa. Fundi anayepaka rangi usiku wa kuamkia ufunguzi anafunga sumu ndani pamoja na urithi.

(Na kwa wanaorithi vitu vilivyopitia makusanyo ya zamani: vingi vilipakwa arseniki au DDT ili wadudu wasivile. Vaeni glovu.)

Skrini huombwa na kila mtu. Hatuzikatai, ila jambo lolote linalosemwa na skrini lisemwe pia na kitu kisichohitaji umeme, maana delestaji, yaani mgao wa umeme, haimsubiri mgeni. Video ina mahitaji mengine: giza, na sauti isiyovuja chumba cha pili. Kumbi za biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ambayo kituo cha sanaa kiitwacho Picha kimekuwa kikiiandaa mjini Lubumbashi tangu 2008, ni mahali pazuri pa kujifunza hilo. Simama kati ya kazi mbili za video na usikilize.

Mkishakubaliana na studio, mkataba useme michoro ni mali ya nani, na balbu ya aina gani itatumika, ile inayouzwa mjini au ile ya kuagizwa nje. Tengeni fedha za mwaka wa kwanza baada ya ufunguzi kwa ajili ya vumbi, vibandiko vilivyobanduka na kufuli zilizokwama. Mtajeni kwa jina atakayeshika ufunguo wa makabati, na wa akiba ukae kwa mtu mwingine.