Je, wajua kwa nini mji wa kisasa wa jangwani ulirudi kwenye kichochoro?

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, upepo umekata na Mombasa inafukuta. Toka Barabara ya Digo, penye lami pana na matatu zilizopanga foleni zikiwaka jua, kisha kata uingie Mji wa Kale. Hujafika hatua hamsini, mwili unakwambia mambo yamebadilika. Jasho lipo palepale, ila utosi hauungui tena.

Pale Ndia Kuu kuna maalim ninayekunywa naye kahawa. Yeye ana baraza mbili: ya asubuhi iko upande wa mashariki wa njia, ya jioni iko ng'ambo, hatua chache tu. Siku ya kwanza, baada ya sala ya adhuhuri, nilikaa upande usio wake. Akanitazama kwa huruma, akapiga baraza kwa kiganja. "Mwanangu, hamia huku. Hapo jua lakujia sasa hivi." Muuza kahawa hajamaliza kuinamisha dele, jua likanipata shingoni.

Hesabu hiyo ya baraza mbili inajibu swali ambalo wasanifu wakubwa wamelilipia mabilioni: mji uliojengwa jangwani, penye joto la zaidi ya nyuzi 40 wakati wa kiangazi na mvua ya kuhesabu, utaishi vipi bila kuteketeza mafuta usiku na mchana kuendesha viyoyozi?

Mji uliojaribu kulijibu kwa kishindo ni Masdar, nje kidogo ya Abu Dhabi, karibu na uwanja wa ndege. Waliosoma nahau ya Kiarabu madrasa jina hilo wanalijua: masdari, asili, chimbuko. Mradi ulitangazwa 2006 na ujenzi ukaanza 2008, kwenye eneo la kilomita za mraba 6 hivi, kwa watu wapatao 50,000. Bajeti ya mwanzo ilitajwa kuwa dola bilioni 22. Kazi ya kuuchora walipewa Foster + Partners, kampuni ya wasanifu majengo ya London, na ungetarajia waanze na paneli za sola na mitambo. Wao walifunga safari kwenda kutazama miji ya kale, ikiwemo Cairo na Muscat, kuona watu waliishije kabla ya stima.

Walichokikuta ni kivuli. Lakini kivuli kina siri ambayo wengi hatuifikirii. Mwili hausikii joto la hewa peke yake. Unasikia pia joto linalorushwa na kila kitu kilichopigwa na jua: lami, ukuta, bodi ya gari. Ukisimama Digo saa nane, jua linakuchoma kutoka juu na lami inakuchoma kutoka chini. Ukiingia kichochoroni, hewa inaweza kuwa karibu ileile, lakini kuta na sakafu hazikupata jua la kuzitosha, kwa hivyo hazina cha kukurushia. Ndiyo maana kipimajoto kikisoma sawa sehemu mbili, wewe utaapa kwamba moja ni afadhali. Na hukosei.

Kwa hiyo njia za Masdar zikafanywa nyembamba na majengo yakasogezwa yakaribiane. Kisha mji mzima ukageuzwa kidogo kama mtu anavyogeuza mkeka: njia nyingi zimelala mshazari. Njia iliyonyooka mashariki hadi magharibi hupigwa na jua kwa urefu wake wote, asubuhi usoni na jioni kisogoni. Ukiipinda, ukuta mmoja au mwingine huwa na kivuli cha kutoa kwa sehemu kubwa ya siku. Hiyo haigharimu hata senti. Ni mstari tu kwenye karatasi, lakini ukishamwaga zege huurudii tena.

Kuna saa moja ambayo wembamba wa njia hausaidii kitu, nayo ni pale jua linaposimama juu ya kichwa kabisa. Abu Dhabi hali hiyo hukaribia mwezi Juni; kwetu Mombasa ni mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Hapo ndipo utaelewa kazi ya roshani za Mji wa Kale, zile za mbao zilizochomoza juu ya njia. Watalii huzipiga picha kwa ajili ya nakshi. Mpita njia huzijua kama mwavuli. Masdar nako nyumba za chuo chake, kilichofunguliwa 2010, zimevikwa vizuizi vya matundumatundu vya rangi ya mchanga: upepo unapita, jua linachujwa, na aliye ndani anaona nje bila kuonekana.

Upepo nao una mambo yake. Njia ikiwa ndefu, hewa ya moto hujikalia humo. Katika miji ya kale wasanifu waliona njia fupi, kwa kawaida zisizozidi mita 70, zinazoishia kwenye jengo. Upepo ukigonga jengo hupanda juu na kuibeba hewa moto. Tena uani mwa chuo cha Masdar wakasimamisha mnara wa mita 45, mjukuu wa ile minara ya upepo ya Dubai ya zamani na ya Yazd kule Uajemi. Juu angani upepo una nguvu na vumbi ni chache. Mnara unaukamata na kuushusha chini penye watu. Huu wa kisasa hufungua vibao vyake upande upepo unakotoka, na kunyunyiza ukungu wa maji unaopoza hewa inaposhuka.

Usikimbilie kujenga mnara kama huo Nyali, lakini. Maji hupoza yanapokauka, na hukauka vizuri pale hewa ilipo kavu. Ndiyo sababu mtungi hupoza maji vizuri zaidi bara kwenye ukame kuliko pwani, ambako hewa tayari imeshiba unyevu. Hata Abu Dhabi, iliyo pwani, kuna siku za kiangazi unyevu unapanda na ukungu ule unakosa faida. Kinachofaa kote kuwili ni kivuli na upepo.

Kuta pia zina mipaka hiyohiyo. Jangwani mchana ni moto na usiku hupoa, hivyo ukuta mnene hulichelewesha joto hadi jioni; faida hiyo hupungua pale usiku usipopoa. Mji wa Shibam, kule Hadhramaut ya Yemen walikotoka mababu wa Washihiri wengi wa Mombasa, ina majumba ya udongo ya ghorofa kadhaa tangu karne ya 16, yamesongamana kama watu waliojibanza wasipigwe na jua. Sisi tukajenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji zikapakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za Ghuba, ambako upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita tatu na kidogo. Upepo wa kusi uliwapeleka mabaharia, wa kaskazi ukawarudisha. Sidhani walikuwa wakizungumzia bei ya tende pekee.

Je, Masdar ilifaulu? Nusu. Mpango ulikuwa kuuinua mji wote juu ya jukwaa la mita 7 hivi, watu watembee juu na vigari visivyo na dereva vipite chini. Msukosuko wa fedha wa dunia ulipokuja na gharama kupanda, jukwaa likaachwa baada ya kipande cha kwanza, na vigari vikabaki na vituo viwili vya abiria. Tarehe ya kumaliza, iliyokuwa karibu 2016, ikasogezwa hadi kuelekea 2030, na ndoto ya kutotoa kaboni hata chembe ikapunguzwa makali. Mtambo wa sola wa megawati 10 ulioanza 2009 unafanya kazi, ila vumbi la jangwani halina adabu: paneli lazima zisafishwe kila mara. Kivuli ndicho kisichodai fundi.

Nayaandika haya nikiwa fletini kwangu Bamburi, jengo jipya, dirisha la kioo kutoka sakafu hadi dari, limeelekea magharibi. Kufika saa kumi tokeni za stima zinakwenda kama maji. Nilianza na pazia zito, halikusaidia: jua likishavuka kioo, joto limeshaingia, pazia linalipokea tu na kulimwaga chumbani. Wiki iliyopita nikatundika jamvi la mwaa nje, kwenye ukingo wa veranda. Kiyoyozi sikukiwasha hadi magharibi.

Mwenye nyumba amenipigia simu jana, anasema jamvi linaharibu sura ya jengo. Nimemkaribisha chai Jumamosi, saa kumi alasiri. Nitalikunja kabla hajafika, na kiti chake nitakiweka karibu na kioo.